Nachukua pikapu zero kilometa, profoma imejaa "ulinzi wa rangi" na vikorokoro vingine. Nilipe au napigwa?

Mtoto wa Kibada (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Baada ya magari matatu ya mtumba kutoka Japan, mwaka huu nimejikaza nachukua pikapu mpya kabisa shoruum, hapa hapa Dar. Bei ya gari tulishaelewana. Leo naletewa profoma (ankara ya awali kabla ya kulipa), naona chini kuna mistari ambayo sikuiagiza:

Koti la seramiki 1,450,000
Anda-sili ya kuzuia kutu 850,000
Trekka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) 420,000
Dawa ya siti 350,000
Kuchonga namba kwenye vioo 180,000
Naitrojeni kwenye matairi 60,000

Jumla 3,130,000. Dada wa mauzo ananiambia, "Kaka, wote wanaochukua gari jipya wanaweka, halafu wewe wa Kigamboni bila hivi kutu itakumalizia gari miaka miwili tu." Ni kweli naishi Kibada, kazi Posta, siku nyingine navuka na pantoni, siku nyingine napita darajani. Gari ni jeusi. Nataka nikae nalo miaka kumi. Kipi hapo cha lazima, na kipi namjengea mtu nyumba?

Mzee wa Premio
Nimewahi siti ya mbele. Kwanza jumlisha upya: ni 3,310,000. Mteja anayeacha laki na themanini kwenye hesabu ndiye shoruum wanayemwombea dua.

Mtoto wa Kibada
Duh, kweli Mzee. Na nimerudi kwenye karatasi naona kwa maandishi ya kisisimizi: bei bila VAT.

Mzee wa Premio
Basi ongeza asilimia 18. Laki tano na tisini na tano na mia nane. Unapita kidogo milioni 3.9. Kwa hela hiyo mimi nabadilisha injini na gia boksi, chenji nanywea supu.

fundi_klia
Napiga rangi mwaka wa kumi na saba sasa, Ilala. Niseme ninachokijua, mengine watamalizia wengine.

Rangi ya kiwandani ukiipima na kile kifaa chetu inasoma kama mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 100 hadi 140, matabaka yote. Klia, ile ya juu inayong'aa, ni kama 40 au 50 tu. Unywele wako mmoja ni kama 70. Kwa hiyo kinacholinda rangi ya gari lako ni chembamba kuliko unywele. Seramiki ni dawa ya maji yenye silika, ikikauka inaacha ngozi ya mikroni moja mbili hivi juu ya klia. Kazi anayo: maji yanateleza, vumbi halishiki sana, kinyesi cha ndege kinapanguswa kabla hakijala klia. Jiwe la lori mbele yako pale Mbagala? Hapo hamna kitu.

Kinachozuia jiwe ni PPF, ile filamu ya plastiki. Hiyo ni mikroni 150 mpaka 200. Tofauti yake na seramiki ni kama ya shuka na godoro.

Msee wa Rongai
Fundi, heshima, lakini hapo kwa seramiki sikubaliani nawe. Mimi niliweka hapa Nairobi, chupa imeandikwa 9H. Jamaa akanionyesha, akakwaruza boneti kwa kiberiti cha gesi, hakukuwa na alama hata kidogo. Almasi ni 10, hii ni 9.

Baharia Mstaafu
Kijana wa Rongai, hapo umechanganyiwa mizani mbili. 9H ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti, laini hadi ngumu, wanazikokota juu ya rangi kuona ipi inachora. 9H ndiyo penseli ngumu ya mwisho kwenye boksi. Mizani ya almasi kuwa 10 ni ya mawe, inaitwa Mohs. Kwenye hiyo, mchanga wa kawaida wa pwani uko 7, na penseli yoyote, hata hiyo 9H, iko chini ya hapo kwa mbali. Ndiyo maana kitambaa kilichoanguka chini pale kwa waosha magari kinachora gari lolote, lenye seramiki na lisilo nayo.

Msee wa Rongai
Aisee. Kwa hivyo mimi nimenunua penseli.

Mzee wa Premio
Penseli ya bei ya mbuzi wanne 😂

Dada wa Chumbageni
Mtoto wa Kibada, pole na hongera. Mimi niko Tanga, bahari naiona nikiwa jikoni. Gari langu, la bluu iliyokolea, nililitoa dukani jipya 2018. Sikuweka chochote. Naosha mwenyewe Jumamosi, ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia taulo. Taulo likianguka chini halirudi kwenye gari, linakwenda kudeki. Jirani yangu ana kama langu, aliweka seramiki ya bei mbaya, halafu analipeleka kwa vijana wa barabarani wanaotumia sabuni ya unga ya kufulia na matambara ya fulana. Jua likipiga, la kwake lina mizunguko kama buibui amejenga. La kwangu hapana.

Kwa hiyo mimi nasema ni kuosha tu.

Niliuzapo
Dada una hoja, ila watu wangapi wana Jumamosi?

Nilifanya kazi shoruum miaka minne, si Dar, na sitaji ya nani. Niwape picha ya ndani. Kwenye gari lenyewe muuzaji hana pa kupumulia, bei imebanwa juu na chini. Pa kupumulia ni hivi vya pembeni. Dada aliyekuambia "wote wanaweka" hakudanganyi: wote wanaweka kwa sababu tunavichapa kwenye profoma kabla mteja hajauliza. Wengi huona aibu kufuta. Kamisheni yangu ya seramiki moja ilikuwa kubwa kuliko nusu ya kamisheni ya gari zima.

Na aliyekuwa anapaka ni nani? Yule yule kijana anayeosha magari uani. Saa moja na nusu, gari limetoka.

fundi_klia
Hapo Niliuzapo kagusa donda. Seramiki ni kama kupiga picha na kuiwekea fremu: kilichokuwepo ndicho kitakachobaki. Gari jipya si safi kama mnavyodhani. Limekaa melini, limekaa yadi ya bandari, limepokea chembe za chuma na vumbi, limefutwafutwa na kila mtu. Kazi sahihi: unaliosha, unapitisha kidongo cha kunyonya uchafu, unapiga polishi nyepesi, unafuta mafuta yote, ndipo unapaka, na unaliacha ndani bila maji angalau siku nzima. Anayefanya vizuri anakaa na gari lako siku mbili. Wa saa moja na nusu kakuwekea fremu juu ya mikwaruzo.

Mtoto wa Kibada
Fundi, wewe ungenifanyia kwa ngapi?

fundi_klia
Mimi sifanyi seramiki, napiga rangi. Nikikutajia bei hapa Mzee wa Premio atasema natafuta wateja.

Mzee wa Premio
Nilikuwa naandika hivyo hivyo.

Sur_Pwani
Salaam kutoka Muscat. Huku jua na vumbi si mchezo, na kila ejensi ina kifurushi chake. Mimi niliweka seramiki ya "miaka mitano". Mwaka wa tatu boneti ikaanza kuwa na madoa meupe, nikarudi na cheti. Wakafungua ukurasa wa nyuma: lazima urudishe gari kila miezi sita kwao wenyewe, kwa kulipia, wakague. Mimi niliruka mara moja tu, nilikuwa nimekwenda nyumbani Pemba msibani. Cheti kikafa pale pale.

Kaka, kabla ya kuuliza bei, omba usome ukurasa wa nyuma. Madoa yenyewe yalikuwa ya maji ya chumvichumvi kukaukia juani. Seramiki inayakusanya yawe matone, tone linakauka na chumvi yake pale pale. Mimi naona hata iliongeza tatizo.

Dada wa Chumbageni
Sur_Pwani, hili la maji ni kweli tupu. Kigamboni wengi wanaosha kwa maji ya kisima, na visima vya huko vina chumvi. Mtoto wa Kibada, kwenu maji gani?

Mtoto wa Kibada
Kisima, dada. Ukichemsha chai sufuria inabaki nyeupe.

Mzee wa Premio
Yaani unataka kulipa milioni na nusu ili chumvi ya kisima ikae kwa mpangilio.

Baharia Mstaafu
Nimesoma mmejadili juu, hakuna aliyeshuka chini. Nimekaa na vyuma baharini miaka thelathini. Rangi ya juu ya gari la leo haifi kwa kutu kirahisi, bodi kutoka kiwandani imepakwa zinki na kuzamishwa kwenye rangi ya msingi. Kutu huanzia chini, kwenye chesisi, kwenye maungio, ndani ya milango, pale maji ya chumvi yanapoingia na kukosa pa kutokea. Kwa mtu wa pantoni, hilo la 850,000 ndilo la kuangalia, siyo la milioni moja na nusu.

Ila uliza ni anda-sili ya aina gani. Ile nyeusi kama lami inapendeza siku ya kwanza. Ikipasuka mahali, maji yanaingia nyuma yake, yanakaa, na wewe juu unaona peusi panang'aa. Chuma kinaoza kikiwa kimevaa suti. Ya nta inayobaki laini ni bora, inatambaa yenyewe hadi kwenye nyufa. Tatizo lake unairudia kila baada ya mwaka au miwili.

Halafu wahakikishe hawazibi matundu ya kutolea maji chini ya milango. Nimeona gari jipya lenye bwawa ndani ya mlango.

Mzee wa Premio
Oili chafu. Lita nne bure kwa fundi wako, unapuliza chini ya gari kabla ya masika. Premio yangu ina miaka kumi na moja mkononi mwangu, chini hakuna kutu.

Baharia Mstaafu
Oili chafu inakula raba za bushi, inakamata vumbi, na nyingine inadondoka inaingia ardhini unakochimba kisima.

Mzee wa Premio
Bushi nimebadilisha mara mbili tu.

fundi_klia
Mzee, mara mbili ndani ya miaka mingapi? Tuambie ukweli wote.

Mzee wa Premio
Miaka minne. Lakini barabara zenu mnazijua.

Minnesota_Mnyaki
Nawafuatilia kutoka Minneapolis. Huku serikali inamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu miezi mitano ya baridi, kutu tunaijua kwa jina. Na hiki mnachokiita kamisheni kina chumba chake kabisa. Ukishamaliza bei na muuzaji unapelekwa kwa jamaa wa fedha, ana tabasamu na kompyuta. Hakuambii "dola elfu mbili za ulinzi wa rangi". Anakuambia "inaongeza dola 31 kwa mwezi". Ukizidisha kwa miezi 72 ndipo unajua umeula wa chuya.

Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa kanuni mwishoni mwa 2023 ya kuzuia kumlimbikizia mteja vitu visivyo na faida kwake, hata naitrojeni ya matairi ikatolewa mfano. Wauza magari wakaenda mahakamani, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kwa sababu tume haikufuata utaratibu wa kuitangaza. Kwa hiyo huku nako kila mtu na akili yake.

Kuchonga namba kwenye vioo ni wizi mtupu, kata. Kifaa chake unaagiza kwa dola ishirini na tano.

Dada wa Chumbageni
Mnyaki, umekaa sana huko. Saiti mira zangu ziliondoka Kariakoo mchana kweupe wakati nanunua vitenge. Kuchonga namba huku si urembo.

Msee wa Rongai
Kweli kabisa. Nairobi ukiacha taa bila namba, kesho unauziwa taa zako mwenyewe pale Kirinyaga Road, na unazijua kwa ule mkwaruzo wako.

Minnesota_Mnyaki
Nimenyoosha mikono. Nimesahau nyumbani.

fundi_klia
Wote mna haki. Kuchonga ni muhimu, bei yake ndiyo si ya kweli. Vijana wa mtaani wanachonga vioo, saiti na taa kwa elfu thelathini hadi hamsini, na saiti wanakupigia riveti hapo hapo. Shoruum wamesema vioo tu. Nani anaiba kioo cha mlango?

Mtoto wa Kibada
Nimepiga simu kuuliza anda-sili aina gani. Nimejibiwa "ya kisasa". Nikauliza nikiikataa itakuwaje, nikaambiwa waranti ya kutu haitafanya kazi.

Mwanasheria Uchwara
Jibu hilo waambie wakuandikie kwenye karatasi yenye muhuri. Utaona sauti inavyobadilika.

Soma kitabu cha waranti cha mtengenezaji. Kwa kawaida waranti ya kutu inahusu bodi kutoboka, yaani kutu iliyoanzia ndani ikatoka nje. Kutu ya juujuu, ya jiwe au ya mkwaruzo, haimo, uwe na anda-sili usiwe nayo. Na vitabu vingine vinaonya kinyume chake: ukitoboa matundu kupuliza dawa, pale ulipotoboa si kwao tena. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Lakini malalamiko ya "niliambiwa kwenye simu" hayana miguu.

Niliuzapo
Mwanasheria yuko sahihi, ila asimtishe. Yule dada pengine anaamini anachosema. Sisi tulifundishwa vile na msambazaji wa dawa, kwa semina na chakula cha mchana.

Dawa ya siti na naitrojeni futa bila kupepesa macho. Ya siti ni kopo la kupuliza. Hewa unayovuta sasa hivi ni naitrojeni asilimia 78, na inajazwa bure kituo cha mafuta.

Trekka usifute kabla hujaongea na benki kama umekopa, na kampuni ya bima kama ni bima kubwa. Wengine wanaidai. Ila waulize kama lazima iwe ya shoruum.

Mtoto wa Kibada
Sijakopa. Ila mke anaitaka trekka kuliko mimi.

Mzee wa Premio
Huo ni uzi mwingine 😂😂

Msee wa Rongai
Na hamjataja kunguru. Nilikuja Dar mwaka jana, nikapaki Posta saa mbili tu. Nilidhani mtu amemwaga chokaa.

Baharia Mstaafu
Hao wameletwa. Ni kunguru wa India, waliingizwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Takataka zikawashinda, sasa wanazirudisha juu ya magari.

Sur_Pwani
Na hapo ndipo seramiki inajitetea, tuseme haki. Kinyesi kikikaa juani kwenye rangi nyeusi kinachimba klia siku hiyo hiyo. Yangu, pamoja na madoa yote, kinyesi kilikuwa kinatoka kwa maji tu. Kama kila siku anapaki Posta, mimi nabadilisha mawazo kidogo.

Dada wa Chumbageni
Chupa ndogo ya maji na taulo ndani ya gari. Unafuta saa ile ile unapotoka kazini. Si milioni.

fundi_klia
Kinachokauka juani toka asubuhi dada hukifuti kwa maji ya chupa, ukisugua unachora. Unalowesha kitambaa, unakiweka juu, unasubiri dakika tano.

Mtoto wa Kibada, ningekuwa wewe ningeweka PPF kwenye bampa la mbele, ncha ya boneti na nyuma ya saiti, basi. Ndipo mawe yanapiga. Lakini mimi ni mtu wa rangi, naona mawe kila siku. Baharia anaona kutu, dada anaona taulo.

Mwanasheria Uchwara
Na mimi naona ukurasa wa nyuma.

Mtoto wa Kibada
Mrejesho, wakuu. Nimekwenda asubuhi na kalamu. Nimefuta naitrojeni, dawa ya siti na kuchonga. Hakuna aliyebisha, dada kacheka tu akasema "sawa kaka". Trekka nimeacha kwa amani ya nyumba. Seramiki wameshusha hadi 900,000 bila mimi kuomba, ndipo nikaogopa zaidi, nikaifuta nayo. Anda-sili nimeambiwa gari lilishapulizwa wiki iliyopita "ili kuniokolea muda". Nimeinama chini kuangalia: ni ile nyeusi ya lami.

Baharia Mstaafu
Walipuliza kabla hujalipia?

Mtoto wa Kibada
Ndiyo. Wanasema kama siitaki nisubiri gari jingine, mwezi mmoja na nusu.

Mwanasheria Uchwara
Kazi ambayo hukuiagiza wala hukusaini usiilipie. Sema gari unalitaka, lami ni zawadi yao.

Niliuzapo
Watakubali. Gari lililopulizwa limekaa yadi na linadai nafasi. Mpe dada njia ya kutokea mbele ya bosi wake, sema mnagawana nusu.

Mzee wa Premio
Nusu ya nini? Asilipe hata shilingi.

fundi_klia
Kabla ya kubishana kulipa, rudi ukafungue milango yote minne, pitisha kidole chini, kwenye ukingo. Kuna matundu madogo marefu. Kama yamezibwa, piga picha, leta hapa.

Mtoto wa Kibada
Nimerudi. Matatu wazi, mlango wa nyuma kulia umezibwa. Kidole kimetoka cheusi, na nilikuwa nimevaa shati jeupe la kazini.